Pombe ya Asali ya Umau

Guildford, Jumamosi alasiri

Mwanangu Ndinda,

Baba yako amekupeleka Parramatta ukaagane na wenzako, na mimi nimebaki na meza ya jikoni, feni, na daftari langu la kazini. Ndege yako ni kesho jioni. Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nikajikuta nakuandikia habari za soksi. Karatasi hizo nimezitupa. Huko Uingereza ni Februari, mizabibu imelala, na utafundishwa kuipogoa kwenye baridi. Wenye shamba watakuambia uvae nini, na usipowasikia wao utaisikia baridi. Mimi nilitoka Kitui nikaja Sydney, nitakufundisha nini kuhusu theluji?

Najua Kiswahili chako cha kusoma kinatembea kwa mguu. Soma polepole. Una saa ishirini na kitu angani, na sinema zote ulishazimaliza wakati wa lockdown.

Nianze na lililo kati yetu, maana tumelizunguka wiki saba bila kulitaja. Siku moja baada ya Krismasi ulikuja ukakaa hapa nilipokaa sasa. Ukaniambia mipaka imefunguliwa, viza ya vijana umepata, na kuna familia moja kule Devon, mume na mke, wana shamba dogo la mizabibu kwenye mteremko na mizinga ya nyuki pembeni. Wanatengeneza mvinyo wa zabibu, na wanatengeneza mvinyo wa asali, na wanakutaka kwa miaka miwili. Ulinionyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Halafu ukasema kwa Kiswahili, wewe ambaye nikikuita kwa Kiswahili unaniitikia kwa Kiingereza, "Mama, nataka unibariki."

Nami nikakujibu, "Kwa kazi ya pombe sina baraka." Nikainuka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu siku hiyo umeishi nami kama mpangaji mwema. "Morning, Mum." "Night, Mum." Husumbui mtu, unaosha kikombe chako, unazima taa. Baba yako, ambaye akishashuka kwenye forklift yake kule Wetherill Park hataki kesi nyingine, alijaribu mara moja tu. Alisema, "Mama Ndinda, mtoto anaondoka." Nilimjibu kwamba kalenda najua kuisoma. Masikini akaenda kukata nyasi.

Hukuniomba tena, na nakuelewa. Lakini kesho utaondoka, na katika nyumba hii mimi peke yangu ndiye ninayejua kuondoka na kumwacha mzazi namna hiyo kunakuwaje baadaye. Ndiyo sababu naandika. Nataka uondoke na baraka yangu, na siwezi kukupa kabla sijakueleza kwa nini nilikunyima.

Unadhani ni kanisa. Unadhani naogopa akina mama wa ushirika wataniuliza binti yangu anafanya kazi gani ng'ambo. Naogopa kidogo, sikatai, kwani midomo ile haina likizo. Na nimehudumia watu wengi waliomalizwa na chupa, kwa hiyo usinione mshamba nikikuambia pombe inaua. Lakini siku ile sikuwa nawaza kanisa wala wodi. Nilikuwa nawaza jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na saba, ambalo tangu nije huku sijamwambia mtu, hata baba yako.

Wewe Umau wako, babu yako, ulimjua kwenye simu, nusu ya uso na paji zima, kwa sababu hakujifunza kamwe kuishika ile simu vizuri. Ngoja nikupe mtu mzima. Babangu Nzioka alikuwa na mizinga arobaini ya magogo, ameitundika kwenye migunga kuanzia nyumbani hadi mtoni. Asali yake iliuzwa mpaka Machakos. Lakini watu hawakumheshimu kwa sababu ya asali. Walimheshimu kwa pombe aliyoitengeneza nayo. Akiichachusha, kijiji kizima kilijua bila kuambiwa, na ghafla kila mzee alikumbuka kwamba ana neno la kuja kuzungumza na Nzioka. Haikuwa ya kulewea. Ilitolewa watoto walipopewa majina, mahari ilipozungumzwa, mtu alipokuwa anasafiri. Mzee alichukua funda moja, akakunyunyizia kifuani taratibu, akakutamkia mema. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwanamke hakusogea kibuyu kikiwa karibu na moto. Lakini babangu alizaa mabinti wanne mfululizo kabla ya mjomba wako kuja, na mimi ndiye wa kwanza. Nilipokuwa na miaka minane aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Sasa nani atanishikia?" Nikamshikia. Mama alinung'unika, majirani wakacheka, na yeye akasema nyuki wote wanaofanya kazi ni wa kike, kwa hiyo wamalize kucheka waende nyumbani. Kwa miaka tisa nilikuwa namshikia. Nilijua kibuyu kimefika wapi kwa kuweka sikio.

Ndiyo. Nilijua. Nitafika hapo.

Chachu yetu ilikaa kwenye miatini. Ni matunda ya mwegea, marefu na mazito, ukiyaona mtini utadhani mtu ameanika soseji. Unayapasua, unayachemsha na kuyamwagia maji mara nyingi mpaka uchungu uishe, unayakausha juani, halafu unayalowesha kwenye maji ya asali. Nyuzi zake zinashika chachu. Pombe ikiwa tayari unaitoa ile miatini, unaianika, unaiweka juu darini, na safari nyingine unatumia ile ile. Ya babangu alipewa na babake siku alipooa. Na huyo naye alipewa na babake. Ilikuwa kumi na mmoja, myeusi, mikavu, na iliwahi kubariki karibu kila mtu niliyekuwa na undugu naye.

Nikiwa kidato cha tatu niliokoka. Sisemi kwa dharau, maana wokovu ule ndio ninaouishi hadi leo. Lakini wokovu wa msichana wa bweni una makelele mengi. Tulifundishwa kwamba kila mmoja arudi kwao akaisafishe nyumba ya babake. Wengine walichoma hirizi. Sisi hatukuwa na hirizi, Ndinda. Nilizunguka boma zima nikitafuta dhambi, nikaona miatini.

Babangu alikuwa ameenda kwenye mizinga ya mbali, analala huko siku mbili. Nilipanda darini, nikaiteremsha yote kumi na mmoja kwa kitambaa cha kichwa, nikaitia motoni mmoja mmoja huku nikiimba. Ilikuwa mikavu mno, iliwaka upesi. Mama aliingia akakuta wa mwisho. Alisema tu, "Ungeuliza kwanza," akatoka akakaa nje.

Babangu aliporudi alisimama mbele ya mafiga. Aliinama, akaokota kipande kilichobaki, akakisugua kwa vidole mpaka kikawa unga. Akauliza, "Ni wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilitamani kupigwa, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye shuhuda tulizosikia. Nikasema, "Ni mimi, baba. Ni kwa ajili ya Bwana."

Akasema, "Haya." Akaenda kunawa mikono. Hakuwahi kulizungumza tena, si siku hiyo, si mwaka huo, wala mpaka anakufa. Januari alinipeleka shule kwa karo iliyotoka kwenye mizinga ile ile. Na hakutengeneza pombe tena. Watu walimwambia achukue chachu kwa jirani aanze upya, ni jambo la kawaida, akawa anasema atafanya, atafanya. Mimi niliona ni ushindi. Nilitoa ushuhuda huo mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi.

Miaka saba baadaye nikapata nafasi ya kuja kusomea uuguzi hapa. Asubuhi ya kuondoka wazee walikuwa wameketi uani, na babangu akatoka ndani na kibuyu. Kilikuwa cha Mutua. Mutua alikuwa mtengenezaji mwenzake wa ng'ambo ya mto, mtu ambaye babangu alimtania maisha yake yote kwamba pombe yake inafaa kuoshea mbwa. Babangu alikuwa amevuka mto, akaenda kumwomba Mutua kibuyu kimoja ili ambariki binti yake. Sasa naelewa ile safari ilimgharimu nini. Wakati ule niliona kibuyu tu.

Nikasema mbele ya wote, "Baba, mimi hiyo hainigusi."

Mutua mwenyewe alikuwepo, na aliangalia viatu vyake. Babangu alikiweka kibuyu chini, akamwomba mama maji kwenye kikombe. Akachukua funda la maji, akaninyunyizia kifuani, akanitamkia. Sijui alisema nini. Nilikuwa nimefumba macho nakemea kimoyomoyo, nikijikinga na baraka ya babangu mzazi kana kwamba ni ugonjwa. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, na nadhani aliona. Akanibebea sanduku hadi barabarani.

Nilimwona mara nne tu baada ya hapo, kila mara wiki tatu, na zawadi nyingi na habari nyingi. Kila Jumapili nilimpigia simu. Mvua imenyesha? Goti lako je? Yule mbuzi amezaa? Nilikuwa na Jumapili za zaidi ya miaka ishirini za kusema maneno mawili, na nilizitumia kuulizia mbuzi.

Sasa tuje kwako na gereji.

Korona ilipofunga chuo ukawa unasomea chumbani kwako, na siku moja nikakuta mtungi wa kioo gerejini, unabubujika. Uliniambia, "It's not beer, Mum, it's mead. It's just honey." Asali uliitoa kwa yule mzee Mtaliano wa Fairfield mwenye mizinga nyuma ya nyumba. Nikauacha. Nilifikiri ni mchezo wa lockdown, kama majirani walivyokuwa wanaoka mikate. Kumbe ulikuwa unampigia simu Umau. Wewe na Kiswahili chako cha kuokoteza, yeye na Kiswahili chake cha Kikamba, mkawa mnaelewana kuliko mimi na yeye. Nilikuwa nawasikia mnacheka. Nilisimama nje ya mlango wa gereji na nguo za kufua mkononi nikiwasikiliza, na nilikuonea wivu. Nakuambia ukweli.

Ukaja ukaniuliza, "How did Umau make it? Properly?" Nikasema sijui, nilikuwa shule. Wiki iliyofuata ukarudi. "Umau says ask you. He says you know everything." Unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema, "Mzee amezeeka, anachanganya mambo." Nilimfanya babangu mwenye akili timamu aonekane amepoteza kumbukumbu, ili nisijibu swali moja. Ukaniamini. Ukaanza kumwongelesha polepole kwenye simu, kama tunavyowaongelesha wazee wodini, na yeye akakuvumilia.

Na angalia alichokifanya. Angeweza kukuambia. Ulimuuliza kwa nini aliacha, nilikusikia ukimuuliza, nikasogea karibu na mlango. Akasema, "Nilichoka tu, mjukuu wangu." Miaka thelathini na kitu baadaye bado alikuwa ananisitiri.

Agosti ikaja. Sydney yetu ya magharibi imefungwa, kilomita tano, helikopta juu ya paa, na mimi natoka nyumbani kwenda hospitali ya Westmead na kurudi, basi. Mjomba wako akapiga: mzee amelala hakuamka. Hakuna kutoka Australia bila kibali, na hata kama ningepata kibali wasingeningoja kumzika. Nikaenda kazini kesho yake. Mwaka huo wote nilikuwa nawashikia wagonjwa simu ili watoto wao waseme kwaheri. Niliwawekea simu sikioni, nikawaambia watoto, "Anakusikia, sema tu." Nilikuwa hodari sana kwa kazi hiyo. Wauguzi wenzangu waliniita mimi.

Tulimzika babangu kwenye skrini, hapa, saa kumi na mbili jioni yetu, saa tano asubuhi ya kwao. Picha ilikuwa inakwama. Mama Furaha, rafiki yangu Mkongomani wa mtaa wa tatu, alikuja na sufuria ya fufu na samaki akasimama nje ya geti la pembeni na barakoa yake, kwa sababu kuingia hakukuruhusiwa. Ilipokwisha ukanishika mkono. "Mum, come. I made something for him." Ukanipeleka gerejini. Ulikuwa umetandika kitambaa juu ya mashine ya kufulia, glasi tatu, picha yake, na ule mtungi mkubwa uliokuwa umeutunza tangu Aprili. Ukafungua kizibo.

Nikamsikia. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Harufu ile ilikuwa babangu akiingia ndani jioni na shati lake. Hukuwa na miatini, hukuwa na kibuyu, ulikuwa na chachu ya pakiti na asali ya Mtaliano, na ulikuwa umempata. Alikuwa amesimama pale gerejini, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Nikaubeba mtungi nikautoa nje, nikaumwaga wote kwenye mfereji wa uani. Uliniambia kwa sauti ndogo, "Mum. That was his." Mama Furaha aliona yote kutoka getini. Akaita, "Eh, Mama Ndinda! Uko namwanga juu ya nini? Mutoto alifanya na mikono yake! Kwetu kilio bila kasiksi haiko kilio." Nilimjibu kwamba sisi tumeokoka, hiyo pombe yao ya ndizi haituhusu. Naye akasema, "Na miye nimeokoka. Ni uchungu njo iko nakufanya vile." Mama wa watu alijua kwa kunitazama tu kwamba ni uchungu, na mimi nimechukua miezi sita kukubali.

Ulifunga gereji ukaingia ndani. Hukupiga kelele. Ulinifanyia kile kile babangu alichonifanyia mbele ya mafiga, na hukujua.

Kwa hiyo siku ulipoomba baraka, elewa aliyekuwa amekaa mezani ni nani. Ni mwanamke aliyechoma, aliyekataa, aliyedanganya, na aliyemwaga. Nilisema sina baraka ya kukupa, na kusema kweli nilijiona sina. Nilihesabu kwamba mtu aliyeitemea yake hawezi kutoa kwa mwingine. Ilikuwa rahisi kuisingizia pombe.

Naomba unisamehe, mwanangu. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, anapika kuku tu na mtoto anaelewa. Wiki hii nimepika kuku mara mbili na nimeona haitoshi. Nisamehe kwa mtungi ule. Nisamehe kwa kumwita Umau mzee aliyechanganyikiwa. Nisamehe kwa Krismasi yako kuharibika mkiani.

Nimetafuta la kukushauri, na sina jingi. Unaenda kukaa kwenye nyumba ya watu, mlango mmoja na wenye nyumba, meza moja. Utaona mambo yao mengi ambayo wewe, kwa elimu yako, ungeyapanga vizuri zaidi. Uliza kwanza. Mama alinipa maneno hayo mawili yakiwa yamechelewa kwa dakika kumi, mimi nakupa mapema. Na ukikosea, sema pale pale, hata kama sauti inakwaruza. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja mpaka aliyestahili kuyasikia akaenda.

Jingine ni la mtu anayekukosea na kukuomba umwelewe. Usinyamaze kama babangu. Nampenda, lakini ukimya wake ulikuwa mzito, nami niliubeba nikidhani ni amani. Angenigombeza siku ile tungelia wote tukamaliza. Kwa hiyo ukishasoma barua hii, kama una hasira nami, zilete. Piga simu unigombeze kwa Kiingereza, upesi upesi, kama unavyomgombeza baba yako akigusa kompyuta yako. Nitakusikiliza mpaka mwisho.

Na sasa nijibu swali ulilouliza mara mbili.

Asali iwe na masega yake, isichujwe sana. Kibuyu kimoja cha asali kwa vibuyu vitatu vya maji, na maji yawe ya uvuguvugu wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi. Koroga kwa mkono, si kwa kijiko, mpaka usihisi asali chini. Halafu tia chachu; miatini huna, ile yako ya pakiti itatosha. Kikae karibu na moto lakini kisiuone moto. Usiku kikipata baridi, kifunike blanketi kama mtoto. Siku ya kwanza hakisemi kitu. Siku ya pili weka sikio, utasikia kama mvua ya mbali kwenye majani. Siku ya tatu inakuwa mvua ya juu ya bati, na hapo babangu hakuruhusu mtu kugombana ndani ya nyumba. Siku ya nne au ya tano inapungua. Usikisubiri kinyamaze kabisa. Mtu wa pupa anakunywa wakati wa mvua kubwa, na mzembe anakunywa kimya kikiwa kimeingia, ikiwa kali haina utamu. Yeye aliitoa wakati bado kuna matone machache. Aliniambia, "Ikikuambia neno la mwisho, ondoa."

Hiyo ndiyo yote. Haijaandikwa popote mpaka leo. Najua hao wenyeji wako wanaiacha miezi na miezi mpaka inyamaze kabisa, na wana vipimo vyao. Wafuate, ndio kazi. Lakini siku moja ya mapumziko waombe kona moja karibu na jiko, utengeneze hii, na uweke sikio.

Baba yako ameleta ujumbe kwamba mko njiani, mna foleni. Nimalize.

Simama popote ulipo ukiwa unasoma hapa, hata kama ni katikati ya viti vya ndege na watu wanakutazama. Mimi mama yako nakubariki, Ndinda, uliyekaa tumboni mwangu wiki mbili zaidi ya ulizotakiwa na ukatoka ukiwa na njaa. Mikono yako ifanye kazi na kazi ikubali. Mizabibu ikujue. Nyuki wakuzoee. Wenye nyumba wakuite kwa jina lako lote. Ukiugua upone, ukipotea uonyeshwe njia, ukipenda upendwe. Sikubariki wewe tu nikaiacha kazi yako nje ya mlango. Nabariki na kazi yenyewe, shamba, na mitungi, na kitakachotoka humo.

Nimefika miaka hii, binti wa mtengenezaji pombe mkubwa kuliko wote upande ule wa mto, na ulimi wangu haujawahi kuonja hata tone. Chupa ya kwanza utakayoitengeneza mwenyewe usinitumie kwa posta. Nina likizo ya wiki sita ambayo sijaigusa tangu Korona ianze, na nimeshaandika barua ya kuiomba. Nitakuja huko. Nitakaa mezani kwako na koti langu, utanimiminia, na nitakunywa.

Mimi mama yako,
binti wa Nzioka.